Tangazo Lililompiga Picha Kozue

Kila asubuhi ya likizo ya kiangazi, Kozue Tanabe aliamka kabla jua halijaanza kuchoma, akavaa kofia yake, akakimbilia uwanja wa hekalu kufanya mazoezi ya viungo na watoto wenzake wa mtaa. Redio ilipiga piano, watoto wakarusha mikono na miguu, na mwishoni mzee wa zamu akawagongea mihuri kwenye kadi zilizoning'inia shingoni mwao. Hakuna mtoto aliyekubali kukosa muhuri, hata yule aliyesinzia akiwa wima. Kisha Kozue alirudi nyumbani, akala wali, yai na supu ya miso ya soya, akafagia sakafu ya duka kabla wateja hawajaingia.

Duka lilikuwa la mama yake, Bi Chizuru, kinyozi. Lilikuwa chini, na wao waliishi juu, katika mji wa Takaoka, nyuma ya mtaa wa mafundi wa shaba ambao nyundo zao hazikujua likizo. Baba alifanya kazi Nagoya na alikuja nyumbani kwa nadra. Kwa hiyo walikuwa wawili tu, mama na binti, pamoja na mbawakawa mmoja mweusi mwenye pembe aliyeishi ndani ya sanduku la plastiki na kuitwa Jenerali. Kozue, mwanafunzi wa darasa la tano, alikuwa amemchagua Jenerali kuwa kazi yake ya likizo. Alimpenda kuliko hata tikiti maji, na Kozue kwa tikiti maji alikuwa hana mchezo.

Siku ya Jumatatu vinyozi wa mji hufunga maduka. Lakini Bi Chizuru hakupumzika. Alikwenda kwenye makao ya wazee kuwanyoa wasioweza kutembea.

"Usimfungulie mlango mtu usiyemjua," alisema huku akifunga mikasi yake kwenye kitambaa. "Na hicho kishikwambi cha duka ni cha kazi. Majina ya wateja wote yamo humo. Usikichezee."

"Sawa, mama."

Mama alipoondoka, Kozue alikwenda kumpa Jenerali chakula. Akamkuta amelala chali, miguu sita ikitapatapa hewani. Kozue alishtuka. Alimgeuza, lakini baada ya muda mfupi Jenerali alikuwa chali tena.

"Anakufa," Kozue alinong'ona.

Angeweza kumsubiri mama. Angeweza kukimbia nyumba ya tatu kwa rafiki yake Mitsuki. Lakini kishikwambi kilikuwa pale pale mezani. Akajiambia kwamba kumwokoa mgonjwa si kuchezea. Akaandika: mbawakawa amelala chali, nifanye nini?

Tovuti ya kwanza ilifunguka. Kozue alisoma nusu ya sentensi, mara likashuka tangazo la dawa ya kupunguza unene. Akalifunga. Likapanda lingine kutoka chini, la mchezo wa vita, likipiga kelele. Akalifunga hilo nalo. Maandishi yakaruka, akapoteza alipokuwa akisoma. Kisha ukurasa ukamwuliza kama anaruhusu kuletewa taarifa, naye, kwa kutaka tu swali hilo liondoke, akabonyeza Ruhusu. Hapo likaja tangazo kubwa lililofunika kila kitu. Alama yake ya kufungia ilikuwa pembeni, ndogo kama punje ya ufuta. Kozue alilenga kidole kwa makini, lakini siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kidole kiligusa kando.

Kacha! Ulisikika mlio wa kamera.

Ukurasa wote ukawa mwekundu. Maandishi meupe yakatokea:

ASANTE KWA KUJISAJILI. PICHA YAKO IMEPIGWA. MAHALI ULIPO PAMEREKODIWA. KAMA UMEINGIA KWA MAKOSA, TUANDIKIE HAPA UPESI ILI UFUTWE. USIMWAMBIE MTU YEYOTE, AMA SIVYO HUTAFUTWA.

Kozue alikitupa kishikwambi juu ya mkeka kama aliyeshika chungu cha moto. Picha yake! Akiwa na nguo zilizolowa jasho la mazoezi na nywele hazijachanwa! Imepigwa na nani? Imekwenda wapi? Alivuta pazia la dirisha, akajikunyata chini ya kiti cha kunyolea.

Sasa sikilizeni kosa alilolifanya, maana mtoto mtukutu asingelifanya. Kozue alikuwa mtoto mwenye adabu. Shuleni, siku alipovunja chombo cha maua, mwalimu alimfundisha kuomba radhi vizuri: taja jina lako lote, taja darasa lako, sema ulichokosea, kisha sema utafanya nini usirudie. Nyumbani pia alimwona mama yake, mteja akikwaruzwa kidogo tu na wembe, akiinama mpaka kiuno na kuomba radhi kabla ya kutafuta pamba. Katika nyumba ile, anayekosea huomba radhi kwanza na kufikiri baadaye. Basi Kozue akatoka chini ya kiti, akakaa kwa kupiga magoti, akaandika kwa lugha safi kabisa:

"Mheshimiwa mwenye tovuti. Mimi ni Kozue Tanabe wa darasa la tano, mkondo wa pili, Shule ya Msingi ya Hanamori. Ni binti wa kinyozi Tanabe wa karibu na daraja. Leo nimebonyeza mahali pasipostahili kwa uzembe wangu. Nimekusumbueni. Naomba radhi kutoka moyoni, na kuanzia sasa nitakuwa mwangalifu."

Aliisoma tena asije akawa amekosea herufi. Akaituma. Akainama mbele ya kishikwambi, na kwa muda mfupi alijisikia nafuu.

Jibu lilifika kabla hajanyanyuka.

"Bi Kozue wa Hanamori, mkondo wa pili. Tumepokea. Sasa tunajua shule yako na duka la mama yako. Ili kukufuta, piga picha ya kadi ya benki ya mama yako, mbele na nyuma, ututumie kabla ya saa kumi na mbili jioni kesho. Usipofanya hivyo, picha yako na habari zako zitatumwa kwa wateja wote wa duka na kwa shule nzima. Kumbuka: usimwambie mtu."

Kozue alikumbuka kwamba majina ya wateja yamo ndani ya kishikwambi hicho hicho. Wateja wote! Aliwaza jinsi watakavyoacha kuja, viti vikae vitupu, na mama asimame peke yake na mkasi wake. Yote hayo kwa sababu yake.

Jioni mama alirudi na samaki wa kukaanga. Kozue hakula zaidi ya matonge mawili.

"Vipi, umepigwa na joto?" mama aliuliza, akimgusa paji la uso.

"Labda," Kozue alijibu bila kumtazama. Ulikuwa uongo mdogo, lakini ulimkaa kooni kuliko mwiba wa samaki.

Kesho yake, kwenye mazoezi, Kozue alirusha mikono wakati wenzake wakiinama. Mitsuki alimpiga kikumbo.

"We Kozue, mbona uko kama kuku aliyenyeshewa? Jenerali amekufa?"

"Anaanguka chali tu."

"Huna hata kijiti humo ndani? Akianguka anataka kitu cha kushika ajigeuze, asipopata anachoka. Mtoto wa mjini wewe! Weka kijiti."

Kozue alimkodolea macho. Ndiyo hivyo tu? Kijiti? Angevuka nyumba mbili jana na kuuliza, asingekuwa na hofu hii.

"Mitsuki," alisema polepole, "wewe ukifungua tovuti, matangazo hayakusumbui?"

"Kwetu hayaji. Kaka aliweka kizuia matangazo, programu inayoyafagia yote kabla hujayaona. Kwani nyinyi bado mnayaona? Mnaishi zama za samurai?" Mitsuki alicheka, kisha akamtazama vizuri. "Kuna nini, lakini?"

Maneno yalifika mpaka kwenye ulimi wa Kozue. Kisha akakumbuka: usimwambie mtu. "Hakuna kitu," alisema, akaenda kugongewa muhuri.

Siku ile ilikuwa ndefu. Kozue aliweka kijiti ndani ya sanduku, na Jenerali akakishika, akajigeuza, akaendelea na shughuli zake. Kozue hakuweza hata kufurahi. Pikipiki ya posta iliposimama nje, alijificha nyuma ya mlango. Mteja mmoja alipotazama simu yake na kucheka, Kozue aliona mvuke wa aibu ukimpanda usoni. Ameshaiona picha, alijua. Lakini yule mteja alikuwa akicheka video ya paka.

Alasiri alikuja mzee Okudaira, fundi wa shaba aliyestaafu, mteja wa miaka mingi. Bi Chizuru alimlaza kitini, akamfunika uso kwa taulo la moto. Ghafla kishikwambi kikalia mezani. Ting! Kikalia tena. Ting! Ting!

"Kozue, hebu tazama, labda ni mteja anataka nafasi."

Kozue alitazama. Haikuwa nafasi. Zilikuwa arifa nyekundu zinazofuatana: HATARI! VIRUSI! MUDA WAKO UNAKWISHA! Alijua basi kwamba wale watu wamo ndani ya kishikwambi, wanamwona. Alikigeuza kifudifudi na kukikalia.

"Ni... ni matangazo tu, mama."

"Tangu jana kinalia hivyo. Kimerogwa?"

"Ah, matangazo!" ilisema sauti ya mzee Okudaira kutoka chini ya taulo. "Mimi nataka kusoma matokeo ya besiboli tu, maskini ya Mungu. Linashuka moja la nywele bandia. Mimi! Upara huu! Nikilifunga linakuja la makaburi. Wananitakia nini?"

Bi Chizuru alicheka mpaka akalazimika kuweka wembe chini. Kozue alijaribu kucheka pia, midomo ikakataa.

Mzee alipoondoka, saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi na moja. Mama alipanda juu kuanua taulo zilizoanikwa. Kozue alibaki peke yake dukani. Mkoba wa mama ulikuwa nyuma ya meza ya malipo.

Aliufungua. Zipu ilikwama, akaivuta mpaka ikaachia. Akaitoa kadi, akaiweka sakafuni kwenye mwanga, akapiga magoti, akainua kishikwambi juu yake. Ndani ya kioo cha kishikwambi alisoma herufi zilizochomoza: CHIZURU TANABE. Jina lile mama alikuwa akiliandika kwa wino kwenye bahasha za mwaka mpya, polepole, kwa mwandiko mzuri. Kozue alijua kabisa kwamba anachofanya ni wizi. Alijua pia kwamba asipofanya, duka litakufa. Machozi yakaanza kudondoka juu ya kadi, naye akayafuta kwa kiganja ili picha itoke vizuri.

Hapo simu ya duka ikalia.

"Kozue, pokea!" mama aliita kutoka juu.

Ndio hao. Wamechoka kusubiri. Kozue alitambaa mpaka kwenye simu, akanyanyua mkono wa simu kwa mikono miwili, na kabla mtu hajasema neno akaanza kulia:

"Nisameheni! Nisameheni sana! Natuma sasa hivi! Kadi ninayo hapa! Msitume picha, nawaombeni, msimwambie mama!"

Upande wa pili, sauti ya kike iliyojaa mshangao ikasema, "Haloo? Hapa ni makao ya wazee. Mimi ni muuguzi Hosokawa. Nilitaka tu kusema kinyozi amesahau brashi yake jana. Mtoto, uko salama? Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshuka na taulo zimejaa mikononi, na alikuwa amesikia kila kitu. Aliziacha zikaanguka. Akauchukua mkono wa simu, akasema maneno machache ya adabu, akaurudisha. Kisha akaiona kadi sakafuni, na kishikwambi kando yake.

"Umeshaituma?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilimtisha Kozue kuliko kama angefoka.

"Bado."

"Una hakika?"

"Bado, mama. Nilitaka... walisema..."

Kozue aliweka paji la uso sakafuni akasema yote, tangu miguu ya Jenerali mpaka herufi za jina la mama. Alisema hata ule uongo wa joto. Alipomaliza, alisubiri kofi au kelele. Badala yake alisikia mama akikaa chini sakafuni kando yake, pumzi zikimtoka kwa kishindo kama mtu aliyeponea kugongwa na treni.

"Inuka," mama alisema. "Osha uso. Tunakwenda polisi."

"Wataniweka ndani?"

"Wakikuweka wewe, waniweke na mimi. Vaa viatu."

Kibanda cha polisi kilikuwa karibu na kituo cha treni. Ndani alikuwamo afande Muroi, mwanamke kijana mwenye mashavu mekundu, ambaye kila mtoto wa mtaa alimjua kwa sababu ndiye aliyewatafutia miavuli yao iliyopotea. Bi Chizuru aliinama, akamkabidhi kishikwambi. "Samahani sana kwa kukusumbua wakati una kazi."

Afande alisoma ukurasa mwekundu, akasoma barua ya Kozue, akairudia mara ya pili.

"Barua hii imeandikwa vizuri sana," alisema. "Nimepokea barua za watu wazima zisizofikia nusu yake. Lakini hebu niambie, Kozue. Kabla hujaiandika, hawa watu walikuwa wanajua nini juu yako?"

"Walikuwa na picha yangu."

"Wamekuonyesha?"

"Hapana. Lakini nilisikia kamera ikilia."

Afande Muroi akatoa simu yake, akaigusa. Kacha! Kozue aliruka kitini.

"Nimekupiga picha? Sikukupiga. Ni mlio tu. Hata wa jogoo ningeweza kuuweka. Sasa, jina lako wamelipata wapi?"

Kozue alifikiri. "Kwangu."

"Shule yako?"

"Kwangu."

"Duka la mama?"

Kozue aliinamisha kichwa. Wale watu hawakuwa na kitu. Walikuwa na mlio mmoja na rangi nyekundu, basi. Vingine vyote amewabebea yeye mwenyewe, kwa adabu zake zote, mpaka mlangoni.

"Ndivyo wanavyofanya," afande alisema kwa upole. "Wanaweka tangazo lenye kitufe kidogo ili kidole kiteleze. Halafu wanakutisha, wanakukataza kusema, maana wanajua ukisema umekwisha kuokoka. Hata hizo tingting ni kwa sababu uliwaruhusu. Hawamo ndani, hawakuoni." Akachukua kishikwambi na kuizima ile ruhusa mbele ya macho yao. Kelele zikakatika. "Msiwajibu tena. Mimi nitaijulisha shule, ili mtu akipiga simu huko wawe macho. Na wekeni kizuia matangazo. Siku hizi watu wengi hawafungui tovuti bila hicho, na sababu ni haya haya: wamechoka kufunikwa macho, kupigiwa makelele na kutegewa. Ila mkichukue mahali panapoaminika, kwa sababu wezi nao wanatengeneza vya uongo. Na msibweteke. Ni kama chandarua: mbu wengi watabaki nje, lakini mmoja anaweza kupenya."

Bi Chizuru alisita. "Afande, samahani, niulize. Gazeti la mji wetu linaishi kwa matangazo. Tukiyazuia yote, si tunawanyima riziki?"

"Mnaweza kuyaruhusu yenye heshima. Kizuia matangazo kinakubali hivyo; mnachagua wenyewe."

"Hapo nimeelewa," alisema Bi Chizuru. "Maana na mimi natangaza. Nguzo yangu ya rangi, ile alama ya vinyozi, inazunguka mlangoni mchana kutwa. Mwenye nywele ndefu anaiona, anaingia. Asiyetaka anapita zake. Sijawahi kumrukia mtu njiani nikamfunika uso kwa taulo nikamwambia, hutoki mpaka unyolewe." Akainama tena. "Samahani kwa kupoteza muda wako."

"Mmeanza tena na samahani zenu!" alisema afande Muroi, na hapo Kozue alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana.

Lakini tabasamu halikufika nyumbani. Mama alikaa mezani akaanza kuandika ujumbe kwa wateja wote: kwamba binti yake amenaswa na tangazo la wezi lenye ukurasa mwekundu, kwamba wezi wanalijua jina la duka, na kwamba yeyote atakayepokea ujumbe wa ajabu asiuamini.

"Mama, usiwaandikie!" Kozue aliushika mkono wake. "Watajua wote! Si ndicho tulichokuwa tunakiogopa?"

"Ndicho wao walichokuwa wanatutishia nacho," mama alisema. "Wateja wakijua kutoka kwetu, hao wezi watabaki na nini mkononi? Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Na duka ni langu. Kama mtu ataacha kuja kwa sababu mwanangu amedanganywa, na aende akanyolewe kwingine."

Akabonyeza kutuma.

Saa kumi na mbili ilikaribia. Kozue alikaa kwenye ngazi, magoti kifuani. Mama alikuwa akikunja taulo zilizoanguka. Mshale ulifika. Ukurasa mwekundu, uliokuwa bado wazi kwenye kishikwambi, ukaleta ujumbe wa mwisho: "Muda umekwisha. Tunawatumia wateja wote sasa."

Mama aliusoma, akaufunga, akaendelea kukunja.

Kisha simu ya duka ikalia, na Kozue akasimama wima kwenye ngazi. Mama akaipokea, akaweka sauti nje ili na yeye asikie.

"Chizuru? Okudaira hapa," ilisema ile sauti nzito. Ilikohoa. "Nimesoma ujumbe wako. Sikiliza. Huo ukurasa mwekundu... uliwahi kunikamata mimi. Wakati wa baridi. Kwa sababu ya besiboli hiyo hiyo. Nililala macho siku nyingi, nikiona aibu. Mtu mzima mimi! Mpaka leo sijamwambia hata mke wangu."

"Bwana Okudaira," mama alisema, "mwambie."

"Yuko jikoni hapa. Ngoja." Wakasikia miguu ikiburutwa, na mnong'ono mrefu. Kisha sauti ya mwanamke ikapaa kutoka mbali: "Na wewe pia? Mimi nilidhani ni mimi peke yangu!"

Mama alifunika mdomo kwa taulo. Simu haikupoa tena jioni ile. Mteja mmoja alitaka kujua namna ya kuweka kizuia matangazo. Mwingine alisema atamleta mwanawe kunyolewa, ili Kozue amhadithie yaliyompata. Hakuna hata mmoja aliyepokea picha yoyote, kwa sababu picha haikuwapo. Mitsuki naye aliposikia alikuja mbio, akaketi na Bi Chizuru, wakachagua kizuia matangazo kinachoaminika, na kuliruhusu gazeti la mji.

Mitsuki alipoondoka, Kozue aliichukua kadi ya benki ambayo mama alikuwa ameiokota na kuiweka mezani, akaishika kwa mikono miwili, akainama mbele ya mama yake.

"Mama, nimefungua mkoba wako bila ruhusa. Nimekudanganya kwamba ni joto. Nimetumia kishikwambi ulichonikataza. Nisamehe."

Mama aliipokea kadi kwa mikono miwili vile vile.

"Nimekusamehe. Na kuomba radhi ni tabia njema, usije ukaiacha kwa sababu ya wahuni. Lakini radhi huombwa mtu uliyemkosea, na wale hukuwakosea chochote. Wao ndio waliokukosea wewe. Ila shika hili kuliko yote: wale wezi hawana silaha nyingine zaidi ya kukunyamazisha. Mtu yeyote, awe ndani ya kioo au mbele ya macho yako, akikuambia usimwambie mama, basi hilo ndilo jambo la kumwambia mama kwanza. Njoo mbio. Hata kama nina mteja, hata kama nimeshika wembe, njoo uniambie."

"Hata kama mzee Okudaira yuko kitini?"

"Yeye tutamwambia asitikisike."

Wakapanda juu kula chakula cha jioni, na Kozue alikula mabakuli mawili.